Mzee anastaafu, mafundi tumeinunua karakana. Uzi wa hesabu, hisa na daftari la madeni (Mwanza)

Mtunza Stoo (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam. Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu wanauliza kitu kilekile: bosi wetu kachoka, watoto wake hawaitaki biashara, anatuambia tununue sisi, tunaanzia wapi? Nimechoka kurudia kwenye simu. Naandika mara moja, na wajuvi wa sheria na kodi mnirekebishe nikiteleza.

Mimi ni mtunza stoo na hesabu kwenye karakana ya injini za boti, upande wa Ilemela, ukitoka getini unaliona ziwa. Jina la karakana na la mzee naweka kapuni. Tupo kumi na moja: mafundi saba, mchomeleaji mmoja, vijana wawili wa saidia fundi, na mimi. Mzee ana miaka 68. Alianza na boksi la spana la kuazima kwa shemeji yake, enzi zile sangara amejaa ziwani na kila mwenye mtumbwi anatafuta injini. Ana watoto watatu, mmoja nesi, mmoja mwalimu, wa tatu yuko Marekani. Hakuna anayetaka kunuka petroli.

Mwaka juzi mzee alifanyiwa operesheni ya goti. Aliporudi akatuita chini ya mwembe, akasema kuna mfanyabiashara ametaja milioni 180 kwa kiwanja na vyote vilivyomo. Sote tulijua yule bwana anataka kiwanja ajenge ghala, na ile mashine yetu ya kukereza vyuma angeiuza kwa kilo. Mzee akauliza, "Nyie mnasemaje?" Fundi mkuu, ambaye unaweza kushinda naye siku nzima asitoe maneno kumi, akasema: "Tuuzie sisi, mzee." Kijana mmoja akacheka. Mzee hakucheka.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu la kwanza, nalo ndilo hasa limenifanya nifungue uzi. Tulikimbilia hisa. Tukachangishana, tukaenda kwa wakili mjini tukiwa tumevaa vizuri, tukamwambia tunataka kununua hisa za kampuni. Wakili akauliza swali moja: kampuni inaingiza faida kiasi gani kwa mwaka? Tukaangaliana. Mimi ndiye niliyeandika ankara kwa miaka 14 na sikuwa na jibu.

Nilikuwa na stoo, nilikuwa na ankara, nilikuwa na ritani za TRA. Ila daftari lenyewe, lile la nani anadaiwa, lilikuwa kwenye droo ya mzee. Ni kaunta buku ya kurasa mia mbili, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, kurasa za mwanzo zina alama za vidole vya oili. Ndani unasoma hivi: "Mjita mrefu, Yamaha 15, bado 240." "Mama wa Igombe, 90, kaleta sato wawili." "Yule wa Ukerewe mwenye kofia, 900." Kuna majina 41 ya namna hiyo. Jumla yake milioni 23. Mjita mrefu ni nani? Mzee peke yake ndiye anayejua. Siku mzee akiondoka, milioni 23 zinaondoka naye kichwani.

Tulikaa naye Jumamosi tatu, tukapitia jina kwa jina. "Huyu kafa. Huyu kahamia Musoma. Huyu ni shemeji, futa." Mwisho wa Jumamosi ya tatu, mzee mwenyewe akakubali kwamba zinazoweza kulipika ni milioni 9. Hebu fikiria tungekuwa tumenunua kampuni kwa kuhesabu 23.

Kwa hiyo ukiniuliza mtu anaanzia wapi, nakwambia anaanzia kwenye droo. Mwombe bosi afungue daftari angalau mwaka mmoja kabla ya kuzungumza bei. Akikataa kulifungua, hakuuzii biashara, anakuuzia kelele.

Naendelea chini, nakunywa chai kwanza.

Kokoto la Bismarck:

Nimeweka kigoda. Mkuu usituishie njiani kama wale wa simulizi.

Jembe Halimtupi Mkulima:

Mkuu mimi nina neno. Haya mambo ya "mali ni yetu sote" tumeyaona Kanda ya Ziwa. Babu yangu alikuwa mwanachama wa ushirika wa pamba. Unajua kilichotokea. Mali ya wote huwa haina wa kuifagia.

Mtunza Stoo:

Jembe, nimekuwa nikilisubiri hilo, maana hata mke wangu alinirushia siku ya kwanza. Lakini tuiseme historia vizuri. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lilianzishwa 1955, Paul Bomani akiwa mbele, wakulima wenyewe wakitaka mizani ya haki kwenye pamba yao. Lilikua mpaka likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya Waafrika barani. Baadaye likageuka kuwa Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Babu yako hakuitwa kupiga kura ya kufuta. Kwa hiyo sehemu ya maradhi ni kwamba mwanachama alikuwa mbali na maamuzi, na mbali na mzani wenyewe. Sisi tupo kumi na mmoja kwenye uwanja mmoja. Gasketi moja ikipotea, kabla ya saa nne kila mtu anajua.

Hata hivyo hatukuchagua ushirika. Tuliufikiria, sheria yake ni ya 2013 na unaandikishwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kilichotushinda ni kwamba ungekuwa mtu mpya kisheria. Karakana ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, wanahisa ni mzee na mama. Ina namba ya mlipakodi, leseni, akaunti benki, na mwajiri wetu ni kampuni hiyo. Ukibadilisha wanahisa, mwajiri anabaki yuleyule, na miaka ya kazi haikatiki. Ukifunga kampuni ufungue chombo kipya, unaanza kuzungumzia kiinua mgongo: sheria ya ajira ya 2004 inasema mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, ukomo miaka kumi. Tuna mafundi wanne wamepita miaka kumi. Hela hiyo ingetoka wapi, na tunaihitaji kununulia?

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kampuni binafsi inaruhusiwa wanahisa wasiozidi 50, lakini waajiriwa wake hawahesabiwi ndani ya hao 50. Kwa hiyo hata ukiwa na kiwanda cha watu themanini, njia hii haijafungwa.

Dada wa Makoroboi:

Swali la kijinga labda. Saidia fundi anayelipwa laki mbili ananunuaje kampuni?

Mtunza Stoo:

Dada, hilo ndilo swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu.

Hanunui kwa mfuko wake. Kampuni inajinunua kwa faida yake, kidogokidogo, na mzee anakubali kulipwa kwa miaka. Wenzetu wamefanya hivyo zamani. Uingereza, John Spedan Lewis aliyerithi maduka ya baba yake alianza 1929 kuyaweka kwenye udhamini, yaani mali inashikwa na wadhamini kwa niaba ya wafanyakazi, na tangu 2014 wana sheria maalumu ya udhamini wa namna hiyo, wenye nafuu ya kodi kwa mwenye kampuni anayewauzia watu wake. Marekani kuna mzee aliitwa Bob Moore, alikuwa na kinu cha nafaka kule Oregon. Mwaka 2010, siku anatimiza miaka 81, akawatangazia wafanyakazi kwamba kampuni inaanza kuwa yao. Ilichukua mpaka 2020 kufika asilimia mia. Miaka kumi, wakuu. Hakuna aliyeuza shamba la urithi.

Nafuu zile za kodi ni za kwao huko. Sisi tumechukua wazo la kulipa kwa faida tu.

Sasa hesabu zetu, nimepewa ruhusa na wenzangu kuziweka. Tulikubaliana kiwanja kibaki mali ya mzee, tununue kampuni bila ardhi, atupangishe kwa miaka kumi kwa 600,000 kwa mwezi, na akitaka kukiuza atuulize sisi kwanza. Mashine, spea na yale madeni ya milioni 9, pamoja na jina, bei ikawa milioni 84. Tulichanga 12 sisi wenyewe: fundi mkuu katoa 3, mimi moja na nusu, vijana laki tatu tatu, wengine hapo katikati. Zikabaki 72, kwa miaka mitano, yaani 14.4 kwa mwaka. Faida kabla ya kodi, wastani wa miaka mitatu, milioni 38. Tukaona tumeshinda, tukanywa soda.

Mzani wa Mwaloni:

Mkuu naomba niingilie. Mimi ni mhasibu, nimefanya kazi na wasindikaji wa samaki hapa mjini. Hiyo 38, mzee alikuwa anajilipa mshahara? Alikuwa anailipisha kampuni pango la kiwanja chake?

Mtunza Stoo:

Mzani, laiti ungekuwepo siku ile tunakunywa soda.

Hapana. Hakujilipa hata senti, alikuwa akichukua hela kwenye droo akihitaji. Pango hakudai, kiwanja ni chake. Kwa hiyo ile 38 ilikuwa imebebwa na mgongo wake. Tulirudia hesabu wiki mbili baadaye. Toa pango milioni 7.2, zinabaki 30.8. Fundi mkuu anakuwa meneja, lazima tuajiri fundi wa kuziba pengo lake, mshahara na michango ya NSSF tukaweka laki nane kwa mwezi, ni 9.6 kwa mwaka. Zinabaki 21.2. Toa kodi ya kampuni asilimia 30, unabaki na milioni 14.84. Tulikuwa tumeahidi kulipa 14.4.

Laki nne na arobaini elfu. Hiyo ndiyo ingekuwa akiba ya karakana nzima kwa mwaka. Injini moja ya mteja ikituharibikia mikononi, tumekwisha.

Niliipeleka karatasi kwa mzee mwenyewe, nyumbani, jioni. Aliisoma bila miwani, akiishika mbali. Akanyamaza muda mrefu, kisha akamwita mama aje aione. Nilidhani anataka shahidi wa kutufukuza. Akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nafanya kazi bure." Mama akamjibu kwamba yeye aliliona hilo zamani ila hakuulizwa.

Bei ilishuka mpaka milioni 60. Hatukumlilia, hesabu ndiyo iliyosema. Toa 12 zetu, zinabaki 48, kwa miaka sita, milioni 8 kwa mwaka.

Mzani wa Mwaloni:

Safi. Ila mmekumbuka kodi kwenye gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa? Kampuni ikiwapa gawio ili mumlipe mzee, inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijawafikia. Ili apate 8 mkononi lazima gawio liwe kama 8.9. Halafu mzee akiuza hisa, faida yake inatozwa asilimia 10 kwa mkaazi wa Tanzania, na bila kibali cha TRA, BRELA hawabadilishi jina la mwanahisa. Na kubwa kuliko hayo: kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, sheria inaichukulia kampuni kana kwamba imeuza mali na madeni yake yote siku hiyo. Nimeona watu wanaokota bili ya kodi ambayo hawakuipanga.

Mtunza Stoo:

Hiki kifungu wakili wetu alitueleza mara mbili ndipo tukaelewa. Ndiyo maana hisa hazihami siku moja. Milioni 12 za mwanzo zilinunua asilimia 20. Kisha kila mwaka, tukishalipa 8, inahama 13 na ushee. Ukijumlisha ndani ya miaka mitatu hatuvuki nusu. Na kuna faida ya pembeni: mzee hakuhitaji dhamana. Tusipolipa, hisa haziji. Mpaka mwaka wa tatu unapita, yeye bado ndiye mwenye kauli, kwa hiyo hata usingizi anaupata.

Kodi ya kuuza hisa mzee aliibeba mwenyewe. Ile ya gawio tunaibeba sisi. Ukiitoa, tunabaki na kama milioni 5.95 kwa mwaka. Si nyingi, lakini ni mara kumi na tatu ya ile laki nne.

Kokoto la Bismarck:

Ngoja ngoja. Mzee akiwa bado na asilimia 80, gawio si linaenda kwake asilimia 80? Mnamlipa mara mbili?

Mtunza Stoo:

Umeshika penyewe. Kama tungeacha hivyo, ndiyo. Katiba ya kampuni ikaandikwa upya na kuweka hisa za aina mbili. Za mzee zina kura lakini hazina gawio, malipo yake ni bei na pango. Za kwetu zina kura na gawio. Zikihama kutoka kwake zinageuka kuwa za aina yetu. Hapa msijaribu kuandika wenyewe kwa kunakili katiba ya rafiki. Tulimlipa wakili, tukanung'unika, lakini ndipo pesa ilipofanya kazi.

Na hisa zinazohama kila mwaka tunagawana hivi: nusu sawa kwa sawa, nusu kwa miaka ya kazi. Tulibishana hapo mpaka giza likaingia. Wakongwe walitaka yote iende kwa miaka, vijana wakauliza kwa hiyo sisi tutakuwa vibarua wenu badala ya vibarua wa mzee? Swali lilikaa vibaya. Tukapasua katikati. Anayeacha kazi anawauzia wenzake, si mtu wa nje, kwa bei ya tathmini ya mwaka huo, na tunamlipa ndani ya miaka miwili. Kwenye uchaguzi wa bodi, mtu mmoja kura moja, awe na hisa tano au mia.

Mama Dagaa:

Naomba kuuliza kama mteja. Mafundi wa injini wote nawajua, hela zenu zinaenda na mwezi. Mbalamwezi sisi hatuvui dagaa, taa hazifanyi kazi ziwa likiwa jeupe, ndipo tunawaletea injini. Tunawalipa tukirudi ziwani giza likiingia. Mtamlipaje mzee kila tarehe mosi?

Mtunza Stoo:

Mama, shikamoo. Wewe umesema kwa mistari mitatu kitu ambacho wakili hakukijua. Rasimu ya kwanza ilisema kila tarehe 5 ya mwezi, na ukichelewa siku kumi na nne ni kuvunja mkataba. Mzee mwenyewe ndiye aliyeikataa. "Tarehe 5 ya mwezi gani, wa kalenda au wa juu?" Sasa tunalipa mara nne kwa mwaka, milioni mbili mbili, na mara moja kwa mwaka tunaruhusiwa kusogeza awamu moja mbele bila faini.

Dada wa Makoroboi:

Na familia? Mzee akitangulia kabla ya miaka sita?

Mtunza Stoo:

Mkataba unasema malipo yanaendelea kwa warithi, na hisa zinaendelea kuhama kwa utaratibu uleule. Lakini karatasi peke yake haitoshi kwenye msiba. Mzee aliwaita watoto wote, yule wa Marekani akaingia kwa simu, mkataba ukasomwa kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Saa mbili na dakika kumi. Mama akasema anasaini kwa sharti moja, nakala yake ikae kwake na si kwa mzee. Mtoto wa kiume akauliza kwa nini tusichukue milioni 180 za yule bwana. Mzee akamwambia, "Njoo ufagie ghala lake." Yakaisha.

Jembe Halimtupi Mkulima:

Sawa, nimepunguza ubishi kidogo. Leteni mrejesho.

Mtunza Stoo (mrejesho, miezi saba baadaye):

Jembe, huu hapa. Awamu mbili zimelipwa kwa wakati, ya tatu tumeisogeza, upepo ulikuwa mbaya na mialo, kule boti zinakoshushia samaki, ilikuwa mikavu. Kijana mmoja wa saidia fundi ameacha kazi, kaenda kuendesha bodaboda. Laki tatu zake tumeanza kumrudishia. Fundi mkuu bado hapendi kuitwa meneja, na kwenye kikao cha kwanza alisoma taarifa ya mapato akiwa ameipa ukuta uso. Mzee anakuja Jumanne na Ijumaa. Mwanzoni alikuwa akienda moja kwa moja kwenye droo kuchukua hela ya soda. Mara ya tatu mchomeleaji akamwambia kwa heshima zote, "Baba, andika." Akaandika.

Kilichotusumbua ni lile daftari. Kati ya zile milioni 9 tumekusanya 4 na kidogo. Tulizunguka na mzee mialo mitano, kila mdaiwa akionyeshwa uso wa fundi mkuu na kuambiwa deni limehamia wapi. Wengine walisema wazi kwamba wao walikopa kwa mzee, kwenye kampuni hawakukopa. Hatukubishana, tuliandika tu jina kamili na namba ya simu mbele ya "Mjita mrefu". Kumbe si Mjita, ni Mkara.

Wiki iliyopita yule wa Ukerewe mwenye kofia alikuja mwenyewe. Akamuulizia mzee, tukamwambia leo si siku yake. Akakaa kwenye benchi karibu saa nzima, akiangalia wanavyofungua kabureta ya mtu mwingine. Kisha akatoa 350,000, akasema ziandikwe kwenye kitabu kilekile cha zamani, si kwenye kompyuta. Nikakitoa, nikaandika mbele yake: bado 550. Akasoma, akaniomba kalamu, akaweka saini yake pembeni. Katika kurasa mia mbili, ndiyo saini ya kwanza ya mdaiwa humo ndani.